ESP32-CAM kwa video za taimulapsi: yafaa Goma, ila iangalie sana upande wa umeme

ESP32-CAM ni kibao chenye maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja), kamera ya OV2640 ya megapikseli 2 na tundu la kadi ya kumbukumbu, na mtandaoni huuzwa chini ya dola 10. Taimulapsi ni video inayoungwa kwa picha zilizopigwa kwa vipindi. Kwa mtu wa Goma anayetaka kuonyesha mawingu yakifunika na kufunua volkano ya Nyiragongo, au nyumba ikipanda kutoka msingi wa mawe ya lava hadi bati, ni chombo kizuri kwa bei yake. Usikinunue kwa kupiga wekundu wa kreta usiku. Sensa yake ni dhaifu gizani, na picha hujaa chengachenga.

Ukipata chenye kibao cha chini cha USB, lipa hiyo nyongeza. Bila hicho utahitaji adapta ya USB kwenda serial, uunganishe kwa waya pini IO0 na GND (ardhi ya umeme) kila unapopakia programu, kisha uutoe waya huo na kubonyeza kitufe cha kuwasha upya. Ukiusahau, kamera haipigi chochote.

Lawama nyingi kwamba "inajizima yenyewe" ni za umeme, si za kamera. Kibao hulala kati ya picha na picha. Kinapoamka, matumizi hupanda ghafla, waya mwembamba unashusha volti, na kinaanza upya. Kwenye kompyuta utaona "Brownout detector was triggered", yaani kinga ya volti kushuka imeshtuka. Tumia adapta ya volti 5, ampea 2, waya mfupi mnene, na uchomelee kapasita ya mikrofaradi 470 au 1000 kati ya 5V na GND, karibu kabisa na kibao. Kuna programu zinazosambazwa ambazo huizima tu kinga hiyo. Huko ni kuficha ugonjwa: volti ikianguka wakati faili linaandikwa, kadi inaweza kuharibika.

Halafu kuna delestage, yaani mgao wa umeme. Pawabanki inaonekana ndiyo jibu, lakini katika usingizi mzito kibao kinakula takriban miliampea 6 tu, na pawabanki nyingi hudhani hakuna kilichochomekwa, zinajikata. Betri ya lithiamu ya 18650 yenye kipandisha volti hadi 5 ni salama zaidi. Namba ya picha nayo usiiache kwenye kumbukumbu ya usingizi (RTC), maana umeme ukikatika inarudi sifuri na picha mpya zinafuta za zamani. Ihifadhi kwa maktaba ya Preferences, ambayo huandika kwenye kumbukumbu ya flashi, isiyofutika umeme ukikatika.

Kwenye programu, weka ukubwa wa UXGA, yaani 1600 kwa 1200, ubora wa JPEG 10 hadi 12, na ufungue kadi kwa hali ya biti moja: SD_MMC.begin("/sdcard", true). Taa kali ya mbele hutumia pini 4, ambayo ni njia mojawapo ya kadi, kwa hiyo bila hali hiyo taa itamulika kila picha inapoandikwa. Tupa picha tatu au nne za kwanza baada ya kuamka. Hutoka kijani au giza kwa sababu sensa bado inapima mwanga. Picha moja kila sekunde 30 kwa saa 12 ni picha 1440, sawa na video ya dakika moja kwa picha 24 kwa sekunde.

Ukipata kosa 0x105, yaani kibao hakiioni kamera, kwanza fungua kibano cheusi cha utepe wa kamera, uusukume utepe hadi mwisho, ufunge. Kibano hicho huvunjika upesi, kiinue kwa ukucha.

Kasha ni lazima lizibwe kwa silikoni, liwe na dirisha la kioo na pakiti ya silika ndani, la sivyo asubuhi kioo kitakuwa na ukungu. Vumbi jeusi la lava lina chembe ngumu: limwagie maji kwanza, ndipo upanguse. Ukipangusa likiwa kavu, kioo kinakwaruzika, na mikwaruzo hiyo itaonekana kwenye video kila jua linapopiga kutoka mbele.