Michezo iliyotua Tabora mwezi Agosti: meli inatisha vizuri, lakini bibi akae wapi?

Mwezi Agosti, wakulima wa tumbaku wanapokuwa na fedha mkononi na Nanenane imeleta watu mjini kutoka Sikonge, Urambo na Kaliua, kampuni moja ya michezo ya kubembea ilishusha mashine zake kwenye uwanja wa wazi pembezoni mwa Tabora, ikazungushia mabati, ikawasha jenereta na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba burudani ya familia nzima imefika. Nilikwenda Jumamosi na familia ambayo kweli ni nzima: mama yangu mzazi, aliyevuka miaka 70, mwanangu wa kiume wa miaka 14, mpwa wangu wa kike wa miaka 9, na kitinda mimba wangu wa miaka 4. Tuliingia saa tisa alasiri tukatoka saa moja jioni, na maoni ninayoyaandika hapa yanahusu neno hilo "nzima" kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ndilo tulilouziwa mlangoni.

Kiingilio ni shilingi 2,000 kwa mkubwa na 1,000 kwa mtoto, kisha kila mchezo una tiketi yake. Ukihesabu mashine utadhani wenyewe wamepima kwa mizani: tatu za kusisimua, yaani meli ya kubembea, viti vya minyororo na sahani inayozunguka huku imeinama, na tatu za upole, yaani gurudumu kubwa, treni ya watoto na jumba la kuruka la kujazwa upepo. Hesabu hiyo inadanganya. Meli imesimamishwa katikati ya uwanja, imezungukwa na taa, muziki na foleni iliyowekewa kamba. Treni na jumba la kuruka vimesukumwa nyuma ya jenereta, penye moshi, kelele na jua la magharibi, pasipo hata turubai la kumkinga mzazi anayesubiri. Mtu angeweza kuuzunguka uwanja na kutoka bila kufahamu kwamba kulikuwa na kitu cha mtoto wa miaka 4.

Nianze na haki yao, maana meli ni nzuri kwelikweli. Wahudumu wake wana adabu, hukivuta kwa mkono kila chuma cha kuwazuia waliokaa kuhakikisha kimeshika kabla ya kuwasha, na hawamharakishi mtu anayeshuka akiyumba. Mwanangu aliipanda mara tatu, kwa shilingi 3,000 kila mara, na kila mara aliikimbilia safu ya mwisho. Hakukosea: katika meli za aina hii wanaokaa nchani hupandishwa juu zaidi kuliko wa katikati, na ile hali ya tumbo kubaki juu wakati mwili umekwisha kushuka huwapata wao kikamilifu, ilhali safu za kati hubembea kwa upole wa kiasi. Meli moja, kwa hiyo, ina michezo miwili ndani yake, na mhudumu angeweza kumwambia kila anayepanda kwamba mwoga akae kati na shujaa aende mkiani. Hakuna aliyesema. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alipelekwa nchani kwa sababu tu ndiko walikoanzia kujaza, akashuka ameshikilia ukuta wa mabati na kuapa kwamba hatarudi tena. Mteja huyo wamempoteza bure.

Viti vya minyororo navyo vinastahili sifa. Mpwa wangu alikuwa na wasiwasi kwamba wepesi wake ungemrusha mbali kuliko watu wazima, mpaka alipoona kwa macho yake kwamba kiti kilichokuwa kitupu na kile cha jamaa mmoja mnene viliinuka sawasawa, kwa kuwa mwinamo wa mnyororo huamuliwa na kasi na ukubwa wa mzunguko, wala si uzito wa aliyeketi. Ningekuwa mwalimu wa fizikia pale Milambo au Tabora Boys ningewaleta wanafunzi wangu hapa kabla ya kuwaandikia kanuni yoyote ubaoni.

Hata hivyo, ni kwenye meli hiyohiyo nilikokuta kasoro iliyonikera kuliko zote. Mhudumu huuliza umri. Mpwa wangu alijibu "tisa", akaruhusiwa, akakalishwa kando ya mwanamume mwenye mapaja makubwa, na chuma kimoja kikashushwa kwa ajili ya wote wawili. Chuma cha namna hiyo huishia pale kinapomgusa mnene, na kwa mtoto aliye pembeni hubaki nafasi ambayo mwili mdogo unaweza kuinuka au hata kuchomoka. Ndiyo maana viwanja vikubwa duniani hupima kimo badala ya kuuliza umri: Space Mountain, treni ya kasi iliyoko kwenye kiwanja cha Disneyland, California, haimpokei mtu aliye chini ya sentimita 102, hata aje na cheti cha kuzaliwa mkononi. Ubao wenye mstari wa rangi, uliosimikwa mwanzoni mwa foleni, ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi seremala yeyote wa hapa mjini. Nilimshusha mtoto. Mhudumu hakubisha, ila alinitazama kama muuza maembe anavyomtazama mtu aliyebonyeza embe akalirudisha kwenye fungu.

Kwa wadogo hali ilikuwa dhaifu zaidi. Agosti hapa kwetu ni mwezi wa kiangazi, wa upepo na vumbi, na jumba la kujazwa upepo ni tanga kubwa linalosubiri kusukumwa. Viwango vya Ulaya hutaka jumba la namna hiyo liwe na sehemu zisizopungua 6 za kulifunga chini, na watoto watolewe upepo unapozidi kilomita 38 kwa saa. Nilihesabu kamba 4, mbili kati yake zikiwa zimefungwa kwenye matairi yaliyojazwa mchanga. Tena wavulana wa kimo cha mwanangu waliruhusiwa kurukaruka pamoja na watoto wa chekechea, na kila mzito alipotua, wepesi walirushwa kama bisi kwenye sufuria. Kitinda mimba wangu alidumu dakika tatu, akatoka analia kwa sababu ya kiwiko cha mtu. Treni ni salama na inapendeza, lakini mzunguko wake ni mfupi na mzazi haruhusiwi kupanda.

Aliyeonewa zaidi, kwa maoni yangu, ni huyu wa miaka 9. Treni ilimwona mkubwa, meli ilipaswa kumwona mdogo, jumba la kuruka lilimchosha mapema, na baada ya viti vya minyororo hakubakiwa na kitu. Umri wa kati ya miaka 8 na 12 ndio wenye hamu kubwa ya kutishwa kidogo, kwa kipimo kinachoongezeka taratibu, na ndio ambao waendeshaji wengi wa michezo hii inayohamahama huusahau. Magari ya kugongana, ambayo mtoto huendesha na mzazi akaketi pembeni yake, yangeliziba pengo hilo. Hayakuletwa.

Na bibi je? Katika uwanja wote hapakuwa na kiti hata kimoja cha kukalia mtu asiyepanda mashine. Tabora haikosi miembe, kwa hiyo mama aliketi juu ya mzizi wa mwembe uliokuwa ndani ya uzio, akafungua karanga zake za kuchemsha na kutazama wajukuu kwa mbali. Nilipomwona pale nilikumbuka kisa anachosimuliwa Walt Disney, kwamba wazo la Disneyland, iliyofunguliwa Anaheim tarehe 17 Julai 1955, lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika bustani ya Griffith Park mjini Los Angeles, akila karanga huku binti zake wakizungushwa kwenye farasi wa mbao. Alichotaka, kama alivyoeleza mwenyewe, ni mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi kwa pamoja. Mzazi wa kule angalau alikuwa na benchi.

Ajabu ni kwamba mashine ya kutimiza wazo hilo ilikuwepo palepale, nayo ni gurudumu. Kila kibanda chake huchukua watu sita, huzunguka polepole, na aliye mdogo huketi kati ya wakubwa. Gurudumu kubwa la kwanza la aina hii, ambalo mhandisi George Ferris alilisimamisha Chicago mwaka 1893, lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi na vibanda 36, kila kimoja cha watu 60, na tangu hapo hakuna mashine iliyolipita kwa kuwaketisha pamoja mwoga na jasiri, kwa maana mmoja huogopa kimo na mwingine hukifurahia, na tiketi ni ileile. La hapa ni dogo mno likilinganishwa na hilo, lakini linatosha kukupandisha juu ya vilele vya miembe mpaka uone mabati ya mji, minara ya misikiti na reli inayokwenda kugawanyika, moja Kigoma na nyingine Mwanza.

Mhudumu wa gurudumu alikuwa kijana wa pwani. Alimwamkia mama, "Shikamoo, bibi," na baada ya mama kuitika "Marahaba" na kumuuliza kabila lake, ikabainika kwamba ni Mzaramo, yaani mtani. Hapo mama, aliyekuwa ameapa kutopanda chochote, akasimama. "Mtani wangu, leo nikianguka hapa, kaburi utalichimba wewe." Kijana akamjibu kwamba analichimba kwa fedha taslimu tu, akamshika mkono akamketisha, akasimamisha gurudumu kwa utaratibu tulipofika chini na kumshusha kama mtu anayeshusha mtungi wa asali. Huduma ya namna hiyo hainunuliwi kwa tiketi ya shilingi 2,000, na kama wenye kampuni wanasoma, wamtunze kijana huyo.

Tulipotaka kupanda mara ya pili, saa kumi na mbili jioni, gurudumu lilikuwa limezimwa. Tukaelezwa kwamba jenereta ni moja, kwamba giza linapoingia taa na muziki wa meli hula umeme mwingi, na kwamba kila jioni gurudumu hupumzishwa ili meli iendelee. Hapo ndipo nilipojua kwamba kupangwa kwa uwanja ule hakukuwa bahati mbaya. Hebu tutazame hesabu yangu mwenyewe: mwanangu aliipa meli shilingi 9,000 kwa safari tatu zilizomchukua karibu saa mbili za foleni, ilhali gurudumu lilichukua shilingi 10,000 kutoka kwetu watu watano kwa mzunguko mmoja, na lingechukua 10,000 nyingine kama lingekuwa linafanya kazi. Vijana wa meli huja wenyewe na fedha za kupimia, na huondoka zikiisha. Familia ndiyo inayonunua mishikaki, soda na maji, na familia huondoka pale mdogo wake kuliko wote anapochoka au mzee wake kuliko wote anapokosa pa kukaa.

Sisemi wapunguze vitisho. Efteling, kiwanja mashuhuri cha Uholanzi, kilifungua msitu wake wa hadithi mwaka 1952, na ni mwaka 1981 kilipoongeza Python, treni inayowapindua abiria kichwa chini miguu juu, kwa kuwa watoto waliolelewa na ule msitu walikuwa wamekua na kuanza kutafuta kitu cha kuwapigisha mayowe. Kimoja hakikukifukuza kingine. Huku kwetu hali ni ya kinyume, wamekuja na Python na kuusahau msitu.

Kuna jambo jingine ambalo lisingewagharimu hata senti. Nyuma yetu walikuwepo wanandoa vijana wenye mtoto mchanga mgongoni. Mume alipanda meli, mke akabaki na mtoto, na zamu yake ilipofika akaambiwa aanze foleni upya. Wakaondoka. Viwanja vikubwa, vikiwemo vya Disney, vina utaratibu wa kupokezana, ambapo mzazi aliyebaki na mtoto huingia moja kwa moja mwenzake anaposhuka. Hapa Tabora, ambako mtu anayetaka michezo mikubwa zaidi itambidi asafiri kilomita 840 hivi kwa reli ya zamani mpaka Dar es Salaam, watu hao wawili hawana kwingine pa kwenda wikiendi hii.

Kwa kijana mwenye miaka 13 na kuendelea ninaupendekeza uwanja huu bila wasiwasi, na meli pekee ningeipa nyota nne kati ya tano. Kwa familia yenye wadogo ninawapa mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya kijana wa gurudumu. Ukienda na watoto, fika saa tisa kabla foleni hazijarefuka, nenda kwenye gurudumu kwanza ungali una uhakika linazunguka, mwache anayependa meli ajipange mapema, na usimwachie mtoto aliye mwembamba akae chuma kimoja na mtu mnene hata kama mhudumu ameridhika. Wameandika langoni kwamba watakuwepo hadi mwisho wa mwezi. Mama amekwisha kuniambia kwamba Jumapili tunarudi kwa mtani wake, na mkeka wa kukalia ameutoa mwenyewe uvunguni.