Saa ya kupimia shafti: yenyewe safi, stendi ndiyo kero

Nakereza shafti za boti hapa Ngamiani, Tanga, na wateja wangu wengi ni wavuvi wa Sahare na Deep Sea. Shafti ikipinda kidogo tu, boti inatetemeka, sili inavuja, beringi inakwisha upesi. Kwa macho huoni kitu. Ndiyo maana nikanunua saa ya Kichina, yaani kipimo cha mshale chenye ncha inayogusa shafti ikizungushwa, stendi ya sumaku ya kuishikia, na bloku mbili zenye mfereji wa V za kulazia shafti, vyote shilingi 110,000.

Saa sina ugomvi nayo. Mstari mmoja ni milimita 0.01, mshale ukizunguka mara moja ni milimita 1. Niliilinganisha na saa ya Kijapani ya jirani, Mitutoyo, kwenye shafti ileile, zikasoma sawa. Tofauti iko kwenye ncha: ya Mjapani inapanda na kushuka laini, yangu inasitasita, basi naigonga kioo kwa kucha ndipo nisome. Oili usiitie, hata akushauri nani; itanasa vumbi la chuma ndani.

Stendi sasa! Viungo vitatu, skrubu hazikazi. Unazungusha shafti, mkono unalegea, mshale unasogea, nawe unaanza kulaumu chuma cha watu. Mimi nazungusha mpaka pale nilipoanzia: mshale usiporudi sifuri, mwenye makosa ni stendi. Tena sumaku haishiki meza ya alumini, itafutie bamba nene la chuma.

Bloku ziwe jozi iliyosagwa pamoja, na zipakwe grisi jioni, chumvi ya hewa yetu mnaijua. Na vijana wangu hubishana sana hapa: mshale ukitembea 0.20, shafti imepinda 0.10, kwa kuwa saa inasoma upande wa juu na wa chini wa pindo.

Kabla hujalipa, soma uso wa saa. Zipo za inchi, kama wanazotumia Wamarekani wanaojijazia risasi za bunduki nyumbani. Risasi inazungushwa juu ya V, saa inagusa karibu na ncha, kazi ileile. Ila mstari wao mmoja ni sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.0254. Ukiusoma kama 0.01, shafti mbovu utaipitisha.

Saa inunue. Stendi tafuta ile ya kitasa kimoja cha katikati, kinachokaza viungo vyote kwa mpigo; mimi nimeagiza Dar.