Kuchagua dume kwa namba za kijenetiki: uzoefu wangu na ng'ombe wa maziwa Lindi

Huduma ninayoizungumzia ina sehemu mbili zinazouzwa pamoja. Ya kwanza ni mbegu za uhimilishaji zinazokuja na katalogi yenye namba za tathmini ya kijenetiki ya kila dume. Ya pili ni kipimo cha vinasaba cha ng'ombe wako mwenyewe, kinachofanywa kwa nywele za mkia. Zote nimezitumia kwa chotara wa Friesian na Zebu nje kidogo ya Lindi mjini. Mbegu nyingine zilitoka kwa wakala wa Dar es Salaam, nyingine zilikuwa za Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kilichopo Usa River, Arusha. Katalogi naipa nyota nne kati ya tano. Kipimo cha vinasaba nakipa mbili na nusu, na maabara wala haina kosa.

Kwanza ondoeni kichwani ile sifa inayotangulia kwa wauzaji: "mama yake alikuwa anatoa lita elfu kumi na mbili." Lita za mama ni chakula alichopewa, baridi ya kwao, mashine ya kukamulia, na sehemu fulani tu ni damu. Urithikaji wa wingi wa maziwa ni kama 0.3. Maana yake, tofauti za maziwa unazoziona kati ya ng'ombe wa zizi moja, takriban asilimia 30 tu ndiyo inayotokana na vinasaba wanavyoweza kuvipitisha kwa watoto. Tathmini inalinganisha binti za dume na ng'ombe wengine waliozaa msimu uleule katika mazizi yaleyale, inaongeza ndugu na vinasaba, kisha inatoa namba. Muuzaji asiyekuwa na namba hiyo hana cha kukuuzia zaidi ya mrija wa mbegu.

Sasa namba zenyewe. Katalogi ya Marekani huandika PTA, yaani kiasi ambacho binti za dume wanatarajiwa kuwazidi ng'ombe wa kundi la msingi (lile la kulinganishia), au kupungukiwa. Maziwa yanaandikwa kwa ratili, na ratili moja ni kilo 0.4536. Tuseme dume mmoja ana +1,400 na mwingine ana +600. Tofauti ni ratili 800, sawa na kilo 363 kwa msimu mmoja wa kukamua wa siku 305, kama kilo 1.2 kwa siku. Fanya hesabu hiyo kabla hujalipa bei mara mbili kwa ajili ya jina la dume. Na kilo 1.2 hiyo ni ya malisho ya Marekani, huku kwetu itakuwa pungufu.

Uholanzi na Kanada huandika vingine. Huko namba ya maziwa ni thamani nzima ya urithi ya dume, kwa kilo, wakati binti hupokea nusu tu kutoka kwa baba. Ukiona +900 kwenye katalogi ya Kiholanzi, igawe kwa mbili kwanza. Hata ukishaigawa, usiiweke mstari mmoja na ya Marekani, kwa sababu kila nchi ina kundi lake la msingi. Kazi ya kugeuza namba kutoka mizani ya nchi moja kwenda ya nyingine hufanywa na Interbull, yenye makao Uppsala, Sweden, kwa hiyo mwombe wakala akupe madume wote kwenye mizani ya nchi moja. Wakala makini atakuelewa mara moja.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata watu wazoefu. Marekani hubadilisha kundi la msingi kila baada ya miaka 5. Tangu Aprili 2025 msingi ni ng'ombe waliozaliwa mwaka 2020, kabla ya hapo ulikuwa wa waliozaliwa 2015. Kwa kuwa ng'ombe wa karibuni ni bora kuliko wa nyuma, namba za maziwa za madume wa Holstein (ndio hao Friesian) zilishuka siku hiyo bila dume yeyote kuharibika. Vipeperushi vya zamani bado vinazunguka, na vina namba za kuvutia zaidi. Tarehe ya tathmini lazima iwe imeandikwa kwenye ukurasa: Aprili, Agosti au Desemba, na mwaka wake. Wakala mmoja alinipa karatasi isiyo na tarehe, na hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea.

Pembeni ya kila PTA kuna asilimia ya uhakika. Dume anayejulikana kwa ukoo wake tu huwa kwenye thelathini na kitu. Kijana aliyepimwa vinasaba lakini hana binti wanaokamuliwa huwa kwenye sabini hivi. Mwenye binti wengi hupita 90. Madume vijana si wabaya, ila namba zao zitatikisika binti wakianza kukamuliwa. Dawa yake ni kutoegemea dume mmoja. Ukiwa na ng'ombe wanane wa kupandisha, chukua mirija ya vijana watatu au wanne tofauti badala ya kumwaga yote kwa yule wa juu kabisa. Mmoja akishuka, mwingine atapanda, wastani unabaki palepale.

Safu ya maziwa mimi huisoma mwisho. Naanza na uzazi wa binti, inayoandikwa DPR: kila +1 ni takriban siku 4 pungufu kati ya kuzaa na kushika mimba tena. Urithikaji wake ni mdogo sana, kama 0.04, hivyo usitegemee muujiza katika kizazi kimoja. Lakini dume mwenye -3 sina sababu ya kumleta pwani, mahali ambapo joto peke yake linatosha kumfanya ng'ombe arudie kupandishwa mara tatu. Kisha naangalia SCS, kipimo cha seli kwenye maziwa kinachoashiria ugonjwa wa kiwele. Hapa namba ndogo ndiyo nzuri, nami napenda iwe chini ya 2.9. Kisha muda wa kuishi zizini, kisha urahisi wa kuzaa. Kwa mtamba anayezaa mara ya kwanza safu hii ya mwisho inapita zote. Mtamba mdogo wa chotara akipandishwa na Friesian wa ndama wakubwa, utaita daktari usiku. Kwa hao natumia Jersey, ndama wake huzaliwa na kilo 25 hivi.

Kimo nakitaka hasi. Ng'ombe mkubwa anakula zaidi kabla hajatoa hata tone la kuuza, na malisho yetu kati ya Julai na Novemba ni majani makavu na yale uliyohifadhi. Kila kilo ya maziwa juu ya kile kinachobebwa na majani inadai kama nusu kilo ya chakula cha ziada, na mashudu ya alizeti yanafika kusini yakiwa na nauli ya lori juu yake. (Mabibo ya msimu wa korosho yanasaidia, lakini yapunguze: ni sukari na maji, na yakichachuka tumboni ng'ombe anaacha kula.) Dume wa +1,800 kwenye zizi lisilo na mashudu anazaa binti wanaokonda, wanaochelewa kuingia kwenye joto la kutaka dume, halafu lawama inakwenda kwa mhimilishaji.

Udhaifu mkubwa wa katalogi hizi ni kile zisichopima. Hakuna safu ya ndigana kali (ugonjwa wa kupe), hakuna ya ndorobo (ugonjwa wa mbung'o), na Lindi ina vyote viwili. Uvumilivu wa joto unachapishwa na Australia, walianza mwaka 2017, lakini karatasi nyingi zinazotufikia ni za nchi za baridi. Wapo pia Holstein waliopewa jeni la manyoya mafupi kutoka kwa mbari ya Senepol, ambalo huwasaidia kupoa. Ukilikuta kwa bei ya kawaida, chukua. Tathmini iliyo karibu na sisi ni ya mpango wa kuboresha ng'ombe wa maziwa Afrika, ADGG, ulioongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, uliopanga madume na majike kwa kumbukumbu za wafugaji wadogo wa Tanzania na Ethiopia. Zizi za kaskazini na Nyanda za Juu Kusini si pwani, lakini ni karibu zaidi kuliko Wisconsin ya Marekani.

Kwa sababu hiyo kiwango cha damu ya kigeni nakihesabu kabla ya kufungua katalogi. Jike wa asilimia 50 akipandishwa na Friesian halisi anatoa 75. Akipandishwa na Girolando wa Brazil, ambaye ni 5/8 Holstein na 3/8 Gir (Zebu wa asili ya India), anatoa asilimia 56. Hicho cha pili ndicho ninachokitaka huku. Aliyekwisha kufika 75 namrudisha kwa Girolando au Sahiwal, Zebu wa maziwa. Na msidanganyike na chotara wa kwanza: yule anapata nguvu yote ya mchanganyiko, ambayo nusu yake hupotea mkipandisha chotara kwa chotara. Hakuna PTA inayokuonyesha hilo.

Namba zote hizi hazina maana kama mbegu imekufa. Naitrojeni ya kimiminika inatunza mbegu kwa nyuzi -196, inasafiri mbali kufika kusini, na mtungi uliosimama kwenye joto letu hupungua haraka. Kabla ya mhimilishaji kuanza, mwombe achovye kijiti cha kupimia. Barafu nyeupe inayobaki kwenye kijiti inaonyesha kina. Chini ya sentimita tano, mwambie arudi siku nyingine. Angalia pia anavyotoa mrija: kikombe kinachobeba mirija hakipaswi kupanda hadi mdomoni mwa mtungi, na kutafuta kusizidi sekunde kumi, vinginevyo mirija inayobaki inaharibika nayo. Kuyeyusha ni maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 40 hivi, yapimwe kwa kipimajoto. Kuyeyusha mfukoni au kiganjani, hapana. Ng'ombe aliyesimama kupandwa asubuhi apandishwe jioni. Wa jioni, kesho yake asubuhi.

Baada ya hapo usitupe mrija mtupu. Umeandikwa namba ya kituo, herufi za mbari (HO kwa Holstein, JE kwa Jersey) na namba ya dume. Ubandike kwa selotepu kwenye daftari, pembeni ya namba ya hereni ya jike. Kadi nyingi zinaandikwa "Friesian wa Arusha", na miaka mitatu baadaye binti anapandishwa na baba yake. Ndama wa hivyo ana asilimia 25 ya uzao wa ndugu. Mimi sivuki 6.25.

Daftari hilohilo ndilo linaloweka maziwa. Pima mara moja kwa mwezi, jioni na asubuhi inayofuata, kwa mzani wa kuning'iniza, ukitoa uzito wa ndoo. Lita za macho zinahesabu na povu. Ndama atengwe siku hiyo; ukimwachia chuchu moja, zidisha ulichopata kwa 4 ugawe kwa 3. Kisha chukua wastani wa vipimo viwili vinavyofuatana, zidisha kwa siku zilizo katikati: 8.4 na 7.6 kwa siku 30 ni kilo 240. Linganisha waliozaa msimu mmoja tu. Aliyezaa Januari kwenye majani mabichi atamshinda aliyezaa Septemba hata kama damu yake ni duni. Zizi la ng'ombe wanne halina wa kulinganishwa naye, ndiyo maana ni bora wafugaji wa jirani wapime siku zinazokaribiana na kuunganisha madaftari.

Sasa kipimo cha vinasaba. Unang'oa nywele 20 hadi 30 za ncha ya mkia pamoja na mizizi yake, kwa sababu vinasaba vinavyopimwa viko kwenye mzizi. Nywele zilizokatwa kwa mkasi ni takataka. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni kwenye unyevu wa pwani unaota ukungu kabla sampuli haijafika maabara. Matokeo yana mambo matatu: baba ni nani, asilimia za mbari, na makadirio ya maziwa. Mawili ya kwanza ni sahihi na yana faida kubwa, hasa ukinunua mtamba anayetajwa kuwa wa asilimia 75. La tatu, kwa chotara wetu, sinunui. Makadirio hayo yamejengwa juu ya maelfu ya Holstein halisi wa nje, na uhusiano wa alama za vinasaba na maziwa haubaki uleule ukiingiza damu ya Zebu. Kwenye zizi langu mpangilio wa maabara na mpangilio wa daftari havikukubaliana, na nimefuata daftari.

Kwa hiyo naagiza kipimo kwa mitamba ninaowanunua nje, kabla ya kulipa fedha yote, na kwa wale ambao baba yao ana utata. Majike wanaokamuliwa siwapimi. Fedha hiyo inanunua mirija ya madume wengine wawili wenye tarehe ya tathmini kwenye ukurasa. Mirija ya majike tupu, inayotoa ndama jike kama 9 kati ya 10, naiweka kwa mitamba wenye afya wanaoonyesha joto waziwazi, kwa kuwa ina mbegu chache zaidi na hushika mimba kidogo kuliko ya kawaida. Kwa ng'ombe anayerudiarudia usijaribu.