Unauza nyumba ya zamani: paa au jiko?

Chukua nyumba ya miaka ya 1980 pale Sinza, Dar es Salaam, na fedha inatosha kazi moja tu. Mimi ningeanza na paa. Mnunuzi akiona doa la kahawia la maji kwenye dari, hapo hapo anashusha bei, tena kwa hesabu anayoijua yeye. Si lazima uezue lote: badilisha mabati yaliyoshika kutu, kaza misumari, kagua kama mbao zimeliwa na mchwa. Dukani, bati la geji 28 (geji ni kipimo cha unene) ni nene kuliko la 30, fundi asikuchanganye.

Jiko jipya linapendeza, sawa, lakini makabati ni ladha ya mtu. Safisha, paka rangi, badilisha bomba linalovuja, basi.