Fort Jesus: safari hii nimeiona kwa raha zangu

Mara ya kwanza nilipelekwa Fort Jesus na kampuni ya utalii iliyotupa saa moja tu. Saa moja, kwa ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593! Tulipiga picha, tukaharakishwa garini. Juzi nimerudi peke yangu, nikaingia asubuhi na kutoka adhuhuri.

Nilimchukua mwongozaji, kijana mwenyeji wa Mombasa, na sijutii. Alinieleza kuwa wazee waliiita ngome hii Gereza, neno lililotokana na jina la Kireno la kanisa. Waingereza wakaja kuifanya jela kweli, kuanzia 1895 hadi 1958.

Lakini roho yangu iliganda kwenye mizinga. Ile ya kale ilishindiliwa baruti kupitia mdomoni, kisha tufe. "Mama, hebu pitisha kidole hapa," akaniambia, akanionyesha kitundu cha kuwashia, karibu na kitako. Kidole kilitoka chekundu kwa kutu. Nikasimama ukutani kutazama mlango wa bahari, nikawawaza Wareno na wenzao waliozingirwa na Waomani humu, Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Mizinga walikuwa nayo. Njaa na maradhi ndivyo vilivyowamaliza.

Usiondoke kabla hujaiona mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ni wa Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa kwenye matengenezo. Mwingine ni wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha. Königsberg nayo ilikwenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, ikaishia huko Julai 1915. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake na kuiburura nchi kavu kuendelea na vita. Walioiburura hawakuwa Wazungu, walikuwa wapagazi wa Kiafrika, na mimi pale nililengwalengwa na machozi. Chuma kile ukikigusa unajua uzito wake.

Kwa hiyo nendeni, na mpeleke watoto. Wahini mapema, maana jua likipanda, kuta za matumbawe zinatoa mwako mkali. Na mkubaliane bei na mwongozaji kabla hamjaanza kutembea.