Takwimu za shule za England mtandaoni: zinamfaa nini mzazi Mswahili?

Compare School and College Performance ni huduma ya serikali, ya bure, isiyohitaji kujisajili. Mzazi anayemtafutia mtoto sekondari England huelekezwa huko kwanza. Tunaipa nyota 3 kati ya 5. Kwa kupunguza orodha ya shule inafaa sana. Ila swali walilonalo wazazi wengi, kwamba mtoto wa Kiafrika atapewa nafasi gani akishaingia darasani, haligusi kabisa.

Andika jina la shule au postikodi, kisha fungua ukurasa wa shule. Namba ya kwanza kukuvutia itakuwa Attainment 8: wastani wa alama za masomo manane ya GCSE (mtihani wa umri wa miaka 16, gredi 1 hadi 9), Kiingereza na hisabati zikihesabiwa mara mbili, kiwango cha juu 90. Usiishie hapo. Shule inayopokea watoto waliokwisha kufaulu itakuwa juu hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida. Teremka hadi kwenye mchanganuo: wavulana na wasichana, watoto wa familia zenye kipato kidogo, wanaotumia lugha nyingine nyumbani, na walioingia wakiwa na matokeo ya chini, ya kati au ya juu. Linganisha kundi la kati katika shule mbili na utaona mengi. Ukikuta herufi SUPP, watoto wa kundi hilo ni wachache mno na takwimu imefichwa makusudi. Progress 8, inayopima hatua aliyopiga mtoto tangu shule ya msingi, pamoja na ule mgawanyo wa chini, kati na juu, havipo kwa waliomaliza 2025 na 2026, kwa sababu mitihani ya msingi ya 2020 na 2021 ilifutwa wakati wa Uviko. Tumia vya 2024 kurudi nyuma.

Safu ya lugha isikudanganye. Aliyetua kutoka Goma mwezi uliopita na aliyezaliwa London akizungumza Kiswahili na bibi yake wamewekwa kapu moja. Serikali iliwahi kukusanya viwango vya Kiingereza vya kila mtoto, kuanzia A hadi E, ikaacha mwaka 2018. Tena, mtoto aliyefika karibuni kutoka nchi ambayo Kiingereza si lugha rasmi, kama Kongo, shule inaweza kuomba asihesabiwe katika matokeo yake. Kwa hiyo watoto ambao ungependa kujua walifanyaje, huenda hawamo kabisa.

Asili ya watoto haionyeshwi kwa shule mojamoja. Kwa hilo nenda Ethnicity Facts and Figures, tovuti ya serikali iliyofunguliwa Oktoba 2017. Imepangwa vizuri na kila jedwali linapakuliwa, lakini inaishia kwenye ngazi ya nchi na halmashauri. Humo utaona kwamba katika miaka ya karibuni watoto wenye asili ya Karibiani wamefukuzwa shule kwa kiwango kikubwa kuliko Waingereza weupe, huku Waafrika weusi wakiwa chini ya wote wawili. Ukisema "watoto weusi" kwa jumla unapotea. Na hilo kundi la Waafrika weusi limewachanganya Wanigeria, Wasomali na Wakongo ambao matokeo yao hayafanani.

Kasoro kubwa ya huduma zote mbili ni kwamba zinaonyesha mwisho wa safari na kuficha njia. Njia yenyewe ni seti, yaani makundi ya kufundishia yanayopangwa kwa uwezo. Shule nyingi huwagawa watoto wa Mwaka wa 7, mwaka wa kwanza wa sekondari, katika seti za hisabati, na kwa maneno zinasema zinafuata alama. Utafiti wa Becky Francis na wenzake uliochapishwa 2019 ulilinganisha seti na matokeo ya msingi: watoto weusi walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa watoto weupe wa kuwekwa seti ya chini kuliko alama zao zilivyostahili. Kabla ya hapo, 2012, Steve Strand alionyesha kwamba katika mtihani wa hisabati wa umri wa miaka 14, uliokuwa na ngazi za ugumu, kwa kila Waingereza weupe watatu walioandikishwa ngazi za juu, wa Karibiani walikuwa wawili tu, hata baada ya kuzingatia alama zao za awali na hali ya familia.

Ubaya wa seti ya chini ni kwamba haifundishi mada zote. Hisabati ya GCSE ina ngazi mbili. Foundation, ambako seti za chini huelekezwa, inaishia gredi 5, hata mtoto akipata kila swali. Higher inafika 9, na humo ndimo zimo kanuni ya sini, kanuni ya kosini na fomula ya kwadratiki. Mtoto ambaye hajafundishwa hayo hadi Mwaka wa 10 hawezi kuhamishwa juu kwa wiki mbili, na hisabati ya A-level, masomo yanayofuata GCSE, kwa kawaida inadai gredi 6 au 7. Kiingereza hakina ngazi hizi. Sayansi inazo.

Basi ukienda siku ya wazi, shule inapokaribisha wazazi kuitembelea, uliza yasiyo mtandaoni. Seti zinapangwa kwa mtihani gani, na zinapitiwa lini? Muhula uliopita wangapi walipanda? Watoto wangapi wenye alama za msingi kati ya 100 na 110 wako Foundation? Asiyekuja na alama za msingi, kwa kuwa alisoma Nairobi au Bujumbura, anapimwa kwa nini: hisabati yenyewe, au maswali marefu ya Kiingereza? Hapo ndipo watoto wetu wengi hudondokea seti ya mwisho bila sababu ya hisabati. Ngazi ya mtihani ijadiliwe mapema katika Mwaka wa 10, maana uandikishaji wa GCSE hufungwa 21 Februari ya Mwaka wa 11.

Fomu ya usajili nayo usiijaze harakaharaka. Kwenye orodha ya lugha za shule, Kiswahili kina misimbo yake, ikiwemo ya Chimwini cha Barawa, Kibajuni na Kingwana. Pale halmashauri inapotumia misimbo mirefu ya asili, Msomali na Mkongo huandikwa peke yao. Ukiweka tiki kwenye "nyinginezo", shule haitaweza kuchambua matokeo ya kundi lako hata ikitaka.