The Bernie Mac Show: mjomba mkali kuliko wote kwenye TV, itazameni

Kama unatafuta komedi ya familia na hujawahi kuiona The Bernie Mac Show basi weka zingine pembeni kwanza. Nimeitazama misimu yote mitano, kuanzia ilipoanza 2001 mpaka ilipofungwa 2006, vipindi 104, kila kimoja dakika 22 hivi kwa hiyo hata ukitazama vitatu kwa mpigo huchoki.

Stori yenyewe ni hivi. Bernie, anayeigizwa na mchekeshaji Bernie Mac mwenyewe, ni mchekeshaji mwenye hela zake, anaishi Los Angeles na mkewe Wanda, hawana watoto na wameshazoea raha zao. Dada yake kule Chicago anazidiwa na madawa ya kulevya, anapelekwa kutibiwa, watoto wake watatu wanaletwa kwa mjomba. Vanessa ndo mkubwa na ana mdomo, Jordan wa katikati ni mpole ila vituko vyake haviishi, afu kuna kadogo Bryana wanamwita Baby Girl, hako ndo kanamweza mjomba kuliko mtu yeyote. Wanda ana kazi kubwa kampuni ya simu kwa hiyo asubuhi anaondoka, anayebaki kupambana na hao watoto ni mjomba.

Sasa kinachoifanya hii kitu iwe tofauti ni kwamba Bernie anakaa kwenye kiti chake, anakutazama wewe, anaanza kuongea na Marekani nzima kama vile anawashtakia wale watoto kwa majirani, na hakuna vile vicheko vya kubandika ambavyo komedi nyingi za TV miaka ile zilikuwa navyo. Kimya tu, yeye na wewe. Anakutolea macho, anakunja uso, anasema atawafanya nini hawa watoto, vitisho vya kutisha kweli kweli, afu sekunde chache mbele unamwona kakaa macho usiku kucha kwa sababu mmoja anaumwa. Ukali wa maneno na ulaini wa moyo viko kwa mtu mmoja muda huo huo na hakuna anayekuelezea kwamba jamaa ana moyo mzuri, unaona mwenyewe.

Na hii haikutoka hewani. Ile stori ya kulea watoto wa dada alikuwa anaipiga stejini kabla. Nenda kaangalie The Original Kings of Comedy ya 2000, onyesho la wachekeshaji alilolirekodi mwongozaji wa filamu Spike Lee kule Charlotte, North Carolina, wako wanne, Steve Harvey, D.L. Hughley, Cedric the Entertainer na Bernie anafunga kazi. Wale wenzake watatu wote walikuwa tayari na nafasi kubwa kwenye komedi za TV, yeye peke yake hakuwa na kipindi chake mwenyewe, na ukimsikiliza anavyoongea pale unaelewa kwa nini, matusi kila sentensi. TV ikimchukua mchekeshaji wa hivyo kawaida inamkata kucha, inampa suti na vichekesho vya mtu mwingine. Larry Wilmore aliyetunga hiki kipindi hakufanya hivyo, alitoa matusi tu, sauti na hasira na yale macho akaviacha, kamera ikachukua nafasi ya watu waliokaa ukumbini. Ndo maana uandishi wa kipindi cha kwanza ulimpa Wilmore tuzo ya Emmy 2002, na kipindi kizima kikapata tuzo ya Peabody. Halali yao kabisa.

Maisha ya Bernie pia inafaa kuyajua kabla hujatazama maana yanaongeza ladha. Jina lake halisi Bernard Jeffrey McCullough, kazaliwa Chicago 1957. Alikuwa anasimulia kwamba akiwa mdogo alimkuta mama yake analia mbele ya TV, akatokea mchekeshaji mama akaanza kucheka huku machozi yanatoka, hapo ndo akaamua hiyo ndo itakuwa kazi yake. Mama alifariki kwa kansa Bernie akiwa bado kijana wa shule. Akaoa mapema, akafanya kazi za usafi, kuendesha gari la mikate, kazi yoyote ya kulisha familia, huku usiku anatafuta steji. Alishinda shindano kubwa la uchekeshaji 1990, ana miaka zaidi ya 30 tayari. Afu kwenye Def Comedy Jam, kipindi cha TV cha wachekeshaji wa stejini, alipanda mbele ya ukumbi uliokuwa umechafuka unazomea watu, akawaambia kwamba yeye hawaogopi, na ukumbi wote ukawa wake.

Mapungufu yapo. Misimu ya mwisho inalegea, Wilmore hakuwepo tena na unahisi kabisa, baadhi ya visa vinajirudia na wageni maarufu wanaingizwa bila sababu. Pia natamani yule dada angepewa nafasi zaidi, ndo chanzo cha yote lakini anapotea muda mrefu. Misimu miwili ya kwanza ndo moto, hapo sina cha kulalamika.

Bernie alifariki tarehe 9 Agosti 2008 kwa nimonia, miaka 50 tu, kabla ya hapo alishasema hadharani kwamba ana sakoidosisi, ugonjwa unaoleta uvimbe mwilini hasa kwenye mapafu. Inauma sana maana alikuwa anazidi kuiva, hata kwenye filamu ya Ocean's Eleven kati ya mastaa wote wale bado macho yanamfuata yeye.

Nampa tisa kwa kumi. Anza na kipindi cha kwanza kabisa usiruke, maana wale watoto wanavyofika ndo msingi wa kila kitu, na kama nyumbani kuna watoto tazameni pamoja bila shida, ila lile onyesho la Charlotte subiri wakalale kwanza.